Usimuulize Mtoto "Umechora Nini?"

Juzi mwalimu mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniandikia: "Dada, nimenunua rangi na karatasi, wanafunzi wanachora kila Ijumaa, lakini hakuna anayefunguka. Nakosea wapi?" Ujumbe huo ulinikosesha usingizi. Kosa lake nadhani nalijua, maana mimi nililifanya.

Nilikuwa nafundisha darasa la sita, Likoni. Palikuwa na msichana ambaye tangu afiwe na babake hasemi wala haandiki. Nikawa namkalisha chini ya mwarobaini na penseli za rangi. Siku ya kwanza alipaka karatasi nzima buluu. Ya pili, buluu tena. Wiki ya tatu akachora mlango, na kizingitini jozi ya makubadhi ya kiume. Nilifurahi mno, nikaubeba mchoro hadi chumba cha walimu: "Tazameni, amefunguka!" Mwenzangu akamwita mtoto, akamuuliza mbele ya watu makubadhi yale ni ya nani. Yule mtoto hakumtazama aliyeuliza. Alinitazama mimi. Hakunipa karatasi nyingine mpaka alipomaliza la nane.

Miaka saba imepita, na bado inaniuma.

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu tiba ya sanaa. Natalie Rogers wa Marekani, binti wa mwanasaikolojia Carl Rogers, alifundisha kwamba sanaa moja huifungulia nyingine njia: mwili ukicheza, mkono huchora, halafu maneno huja yenyewe. Na kazi hiyo haipimwi uzuri. Nikawakumbuka mama zetu kwenye vugo, ngoma ya wanawake harusini, pembe mkononi, wakiimba yaliyowakaa rohoni. Nani huwasimamisha awahoji?

Basi sasa tunaanza na ngoma. Asiyetaka kucheza hugonga dawati. Kisha tunachora kwa dakika kumi, nami nachora, halafu kila mmoja anaandika mstari mmoja. Hakuna alama, hakuna kubandika ukutani. Kila mtoto ana bahasha yake, na akitaka kuchana alichokifanya, anachana. Kusoma kwa sauti ni hiari yake. Muhula uliopita mvulana wa Mtongwe, mkali kama pilipili, alisoma mstari wake bila kuombwa. Darasa zima lilinyamaza. Sitauandika hapa, ni wake. Lakini nilitoka pale nikitembea kama niliyepewa zawadi.

Jambo moja waambieni watoto mapema: mchoro ni siri yao, ila ukionyesha kwamba kuna mtu anawadhuru, mwalimu hatanyamaza. Sisi si matabibu. Hapo mtoto apelekwe kwa mshauri aliyesomea, na simu ya watoto ya 116 haina malipo.

Na walimu wenzangu, tusemezane ukweli. Hapa Kenya fimbo ilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na bado tunazo kabatini. Huwezi kumchapa mtoto saa mbili asubuhi, kisha saa tisa alasiri ukamwambia achore moyo wake. Atakuchorea ua, akupe, aende zake. Rangi zote za dukani hazitamfungua mtoto anayekuogopa. Itupeni fimbo kwanza, ndipo mnunue rangi.

Mwalimu wa Kisauni, Ijumaa hii usizunguke madawatini. Keti miongoni mwao, chukua karatasi yako, uchore lako. Kengele ikilia, ikunje uitie kwenye bahasha, wakuone.