Usifue shuka kwanza: madai ya uharibifu kwa sisi tunaopangisha wageni

Juzi dada mmoja wa Jambiani kaniandikia. Mgeni wake katoka asubuhi, kamwachia shuka mbili nyeupe na foronya zimejaa piko, ile rangi ya kujichora mikononi, pamoja na meseji ya kushukuru kwa nyumba nzuri. Anauliza: adai, au anyamaze asije akapewa nyota mbili mtandaoni?

Dada yangu, dai. Mimi nilinyamaza, na samadari ya bibi yangu, kitanda chake cha kizamani, inaniuma mpaka leo.

Nyumba yangu iko Malindi, Mji Mkongwe, vyumba viwili vya juu nilivyorithi. Samadari ile bibi aliingia nayo akiwa bibi harusi. Msimu mmoja wa kaskazi nikapokea vijana wanne, wakakaa siku tano, wakaondoka na boti ya asubuhi. Naingia chumbani nakuta kitanda kimetandikwa vizuri mno. Nilipokaa, kikayumba. Kuinua shuka, tendegu moja limevunjika pale linapoungana na mfumbati, na chini wameegesha kipande cha tofali, wamekizungushia taulo langu kisikwaruze sakafu. Sakafu waliionea huruma, mimi hawakunionea.

Nililia. Kisha nikakosea kila kitu kwa siku moja. Nikawatumia meseji za hasira. Nikalitoa tofali. Nikamwita fundi mbio mbio maana wageni wengine wanaingia kesho yake, akatia tendegu jipya. Picha sikupiga hata moja. Bei yake, laki tatu na nusu, aliiandika kwa penseli nyuma ya kipande cha msasa, na hiyo ndiyo ikawa risiti yangu. Nikakaa karibu wiki tatu nikijiambia Mungu atanilipa. Nilipokuja kudai, mtandao niliokuwa nautumia wakati ule ukanijibu kwamba muda umepita, na picha ya kitanda kikiwa kizima iko wapi? Ninayo moja tu ya tangazo, imepigwa kutoka mlangoni, chandarua kimefunika kila kitu.

Tangu siku ile, kabla ya kila mgeni nazunguka na simu: matendegu, mifumbati, godoro, shuka, kioo cha bafuni, friji mpaka ndani. Video moja ya dakika mbili. Mgeni akitoka, naingia mimi kwanza, anayefanya usafi ananifuata.

Mwezi uliopita subira hiyo imelipa. Mgeni alichorwa piko ufukweni Nungwi, akalala mikono haijakauka. Asubuhi foronya ina kiganja kizima, maua na vidole vyote vitano. Sikuigusa. Nikapiga picha ya kitanda chote, kisha ya karibu, nikatia na risiti ya duka la Darajani nilikonunua. Nikamwandikia kwa adabu, bila kumlaumu, nikadai 90,000, bei ya vitu vile vile, sikuongeza hata senti. Jioni kalipa, na nyota tano kanipa. Sijawahi kufurahia elfu tisini kama zile.

Walio Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba kwa wageni, wajue kwamba dai linatakiwa ndani ya siku 14 tangu mgeni atoke. Unaanza kwa kumdai mgeni mwenyewe, anapewa saa 24, akikataa au akinyamaza ndipo unawaita wao waingilie.

Na hili nalisema kwa uchungu, ndugu zangu wenyeji: tusidai kisicho haki. Kuta zetu za mawe na chokaa zinapukutika zenyewe kila masika. Kutu ya bomba ni ya hewa ya bahari, si ya mgeni. Feni iliyoungua umeme uliporudi kwa nguvu, mgeni kakosa nini? Pesa ya dhuluma haina baraka, na kila anayedai uongo anatufanya sisi wakweli tusiaminiwe. Lakini haki yako usiiachie kwa kuona haya. Ukarimu wa Kizanzibari hauna maana ya kuvunjiwa kitanda ukacheka.

Basi, dada wa Jambiani, kama shuka bado ziko kwenye tenga la nguo, zitoe. Zitandike upya kitandani, fungua dirisha mwanga uingie, upige picha. Halafu tafuta risiti. Kwa dobi zitakwenda baadaye.