Fungate kwenye visiwa tulivu vya Ugiriki: maswali yenu

Maharusi wengi wameniandikia kuhusu Ugiriki, na karibu wote wanaogopa jambo moja: kutumia akiba yao yote halafu wajikute kwenye msongamano kama wa Kariakoo siku za sikukuu. Nimechagua maswali matano.

Mchumba wangu anataka Santorini kwa sababu ya picha. Mimi nataka mahali pa kimya. Tuna siku kumi. – Bwana harusi mtarajiwa, Dar es Salaam

Mpe Santorini, lakini usiku mmoja tu, labda miwili. Ni kisiwa kizuri kweli, ila kiangazi meli za kitalii hushusha maelfu ya watu kwa siku, na jua linapozama kule kijiji cha Oia mtapiga picha katikati ya mabega ya wageni wenzenu. Kisha pandeni boti mwende Folegandros, si mbali na hapo. Mji wake, Chora, umekaa juu ya jabali kama mita 200 kutoka baharini. Magari hayaingii kwenye viwanja vyake vya ndani. Jioni meza hupangwa chini ya miti, na watoto hucheza mpira pembeni. Kuna njia nyeupe inayopanda kwa kupindapinda hadi kanisa la Panagia. Mwende huko jua likikaribia kuzama, na picha za mchumba wako atazipata.

Siku zilizobaki kaeni Sifnos. Nakuomba usiongeze kisiwa cha nne. Kila kuhama ni asubuhi nzima ya kufunga masanduku na kusubiri bandarini. Wazee wetu waliposema fungate walimaanisha siku saba za maharusi kutulia ndani, wakipikiwa na kutunzwa, wasiulizwe chochote. Hivyo ndivyo ningependa mkae Sifnos. Jumamosi jioni dengu huwekwa kwenye chungu pamoja na vitunguu na mafuta ya zeituni, chungu kikaingizwa tanuri la kuni na kulala humo usiku kucha. Jumapili mchana mimi na mume wangu tuliletewa chungu chetu mezani, kifuniko kikafunuliwa, na dengu zilikuwa laini kiasi kwamba kijiko kilizama chenyewe. Tulikamulia limau, tukamega mkate. Hatukuzungumza mpaka chungu kilipokwisha.

Mimi ni mtu wa Dodoma, sijawahi kupanda meli. Naogopa kutapika mbele ya mume wangu. – Bi harusi, Dodoma

Dada yangu, usijali, atakushikia mfuko. Lakini pia chagueni vizuri. Kutoka bandari ya Piraeus, karibu na Athens, kuna boti za kasi na kuna meli kubwa za polepole. Panda meli kubwa. Hadi kisiwa cha Naxos ni kama saa tano na nusu, lakini haitikisiki sana, na unaweza kukaa nje upate hewa. Naxos pia ina uwanja mdogo wa ndege, na kutoka Athens safari haifiki saa moja.

Adui wako ni upepo unaoitwa meltemi. Hutoka kaskazini kama kaskazi yetu, ila wenyewe huvuma Julai na Agosti, wakati kwetu ni kusi. Ukizidi, meli huzuiwa kutoka. Mwaka tuliokwenda tulipanga kurudi Athens siku ileile ya ndege yetu. Upepo ukachacha, meli ikafutwa, ndege ikatuacha, na tiketi mpya zilitutoa machozi. Laleni Athens usiku wa mwisho. Hili nawasihi wote.

Twende mwezi gani? – Wapenzi wawili, Arusha

Juni au Septemba. Septemba maji ya bahari bado yana joto la kiangazi na watu wamepungua. Msiende katikati ya Agosti: tarehe 15 ni sikukuu ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe hurudi visiwani, na vyumba hujaa. Kuanzia Novemba hoteli nyingi za visiwa vidogo hufungwa. Tengeni pia kodi ya malazi, inayolipwa hotelini: Aprili hadi Oktoba ni kati ya euro 2 na 15 kwa chumba kwa usiku, kufuatana na nyota za hoteli.

Sisi ni Waislamu, na mke wangu anavaa hijabu. Tutakula nini, na atastarehe? – Msomaji, Mombasa

Nyama ya halali ni shida kwenye visiwa hivi, nakwambia ukweli. Lakini samaki wapo, na pweza wapo: Naxos utawaona wameanikwa kwenye kamba mbele ya mikahawa, miguu inaning'inia juani, jioni wanachomwa kwa mkaa. Uliza kama mchuzi umetiwa divai. Mboga zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, zinazoitwa ladera, ni chakula kamili. Kuhusu mavazi, mkeo atastarehe. Tena kwenye monasteri ya Hozoviotissa kule kisiwa cha Amorgos, jengo jeupe lililobanwa ubavuni mwa jabali, sharti ni kujisitiri: wanaume suruali ndefu, wanawake sketi.

Pasipoti yangu ina jina la baba, na baada ya ndoa nitatumia la mume. Hatujui Kigiriki pia. – Bi harusi, Nairobi

Usibadilishe chochote sasa. Viza, tiketi na hoteli viandikwe jina lililo kwenye pasipoti, na ubebe cheti cha ndoa. Viza ni ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya: ada euro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi mkinyimwa, na bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari; msingoje hadi siku 15 kabla ya safari, ambazo ndizo kikomo cha kuomba.

Kuhusu lugha, Kiingereza kitawatosha, ila salamu hufungua milango: kalimera asubuhi, kalispera jioni, efharisto ni asante. "Ne" kwao ni ndiyo. Na mtu akiinua kidevu huku akitoa sauti kama msonyo mfupi, hajakusonya, mama, amesema hapana.