Asumini ni ua, si "zawadi ya Mungu"

Swali la wiki hii: jina Asumini lina asili gani, na je, ndilo hilohilo Yasmini na Jasmine?

Ndilo hilohilo. Chimbuko lake ni Kiajemi, yasaman au yasamin, jina la ua lenyewe. Waarabu wakalichukua, na kutoka kwao likashika njia mbili. Huku pwani lilidondosha y ya mwanzo na kupata irabu ya mwisho, likawa asumini. Ulaya lilipitia kwa Wafaransa, jasmin, ndipo Waingereza wakawa na Jasmine. Waturuki humwita binti Yasemin; Bosnia wapo akina Jasmina. Mkazo wetu uko kwenye -mi-, palepale anapouweka Mwarabu. Mwingereza ndiye aliyeusogeza mwanzoni.

Orodha nyingi za majina ya watoto mtandaoni hudai maana yake ni "zawadi ya Mungu". Ni uzushi unaonakiliwa tu. Si zawadi wala Mungu aliyetajwa ndani ya neno hili. Anayetaka maana ya zawadi yapo Hiba na Tunu. Wapo pia wanaoamini kwamba asumini imetajwa katika Kurani. Iliyotajwa ni rehani, mmea wa majani yenye harufu nzuri, sura ya 55 aya ya 12 na sura ya 56 aya ya 89. Hilo halilipunguzii jina chochote, kwani jina likiwa na maana njema latosha.

Kwa nini likawa la kike? Tazama ua hili linavyotumika Lamu, Mombasa na Unguja: kwenye nywele, kwenye kitanda cha bi harusi, na kwenye kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia wanachovaa wanawake, pamoja na rehani na mkadi, mmea mwingine wa kunukia. Asumini ya kutunga (usiichanganye na afu, ua la mwafu wa porini) huchumwa alasiri ikiwa bado tumba, nyeupe na iliyofumba. Sindano hupitishwa kwenye kikonyo, si kwenye petali, maana petali ikitobolewa hugeuka rangi ya kahawia mapema. Jua likizama matumba hufunguka yakiwa tayari kwenye uzi, na harufu hukolea usiku. Ukichuma asubuhi unapata maua yaliyokwisha kufunguka usiku uliopita, harufu imepungua na petali zinapukutika mkononi. Basi mzazi anayempa bintiye jina hili anamwombea uzuri na harufu njema, na zaidi ya hapo ni nyongeza za watu.

La mwisho ni tahajia. Asumini, Yasmini, Yasmin na Yasmine yote ni sahihi, ila chagueni moja kabla ya kujaza fomu ya cheti cha kuzaliwa. Matatizo huanza pale cheti kinaposema Yasmin, shule ikaandika Yasmini, na bibi akamwandikisha kliniki kama Asumini. Siku ya kuomba pasipoti mtoto mmoja anaonekana watu watatu, na hapo ni viapo na hati za kuthibitisha jina.