Dawa ya presha ya mama inanimaliza

SWALI: Shikamoo dokta, mama ana presha, cheti kimeandikwa Norvasc, famasi ya hapa mtaani wananitajia bei mpaka nawaza tuwe tunampa siku moja anaruka moja ili zifike mwisho wa mwezi, nifanyeje? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya kurukisha siku achana nayo kabisa, dawa ya presha ni ya kila siku, na mama kujisikia poa haimaanishi presha imeshuka. Sasa bei. Norvasc ni jina la biashara tu, lilianzia Pfizer, dawa yenyewe ndani ni amlodipine na viwanda kibao vinaitengeneza, India huko ndo usiseme, kwa hiyo ukifika dirishani ulizia amlodipine ya bei nafuu iliyosajiliwa na TMDA (mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba), miligramu zilezile alizoandika daktari. Famasi binafsi kila mtu anapanga bei yake, kodi ya fremu, mishahara, jumla kanunua wapi, vyote vimo kwenye kidonge, ndo maana ukivuka barabara bei inabadilika (na wengine wanakupa ya ghali makusudi, tusidanganyane). Piga simu famasi mbili tatu kabla hujapanda daladala. Ila Duka la Dawa Muhimu sio famasi, lina orodha yake fupi ya dawa za cheti, usimgombeze dada wa watu akisema hana. Na hospitali ya serikali ulishauliza? Wale wanachukua dawa MSD (bohari ya dawa ya serikali), mara nyingi bei iko chini, shida ni stoo ikiwa tupu, hapo unarudi mtaani na cheti chako.