Mgonjwa akiruhusiwa mapema, hospitali huokoa pesa kweli?

SWALI: Mimi ni mhasibu wa hospitali. Madaktari wa magonjwa ya wanawake wanataka tuanzishe programu ya ERAS ya kuharakisha nafuu baada ya upasuaji. Wamezidisha siku watakazopunguza kwa gharama ya wastani ya kitanda kwa siku, wakapata akiba kubwa mno. Niikubali hesabu hiyo?

JIBU: Programu ikubali, hesabu irudishe.

Wazo lenyewe lina mizizi kwa Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark, miaka ya 1990. Mgonjwa haachwi na kiu usiku kucha: maji huruhusiwa hadi saa 2 kabla ya nusukaputi. Maumivu hutulizwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja ili mofini, dawa kali ya maumivu, ipungue. Katheta (mrija wa mkojo) hutolewa mapema, na mgonjwa hula na kutembea ndani ya saa 24. Mengi ya haya ni kuacha kufanya jambo, na kuacha hakuna bei. Pesa huenda kwenye mafunzo, muuguzi mratibu na ukusanyaji wa takwimu.

Kosa la wenzako liko kwenye neno “wastani”. Siku ya gharama ni ile ya chumba cha upasuaji. Ya mwisho wodini ni chakula, shuka na vidonge. Ukiifuta hiyo, mishahara na umeme hulipwa vilevile. Tuseme mna wagonjwa 200 kwa mwaka na kila mmoja akapunguza siku 1.5: mmepata siku 300 za kitanda, si pesa za siku 300. Zitakuwa na thamani kamili iwapo kuna foleni ya wanaosubiri upasuaji. Hata hapo matumizi ya jumla yatapanda, kwa kuwa mtapasua wagonjwa wengi zaidi, ila gharama kwa kila mgonjwa itashuka.

Akiba ya uhakika zaidi iko kwenye madhara yanayoepukwa, maana mgonjwa mmoja anayerudishwa chumba cha upasuaji humeza faida ya wengi. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliojumlisha tafiti 31 za upasuaji wa saratani za uzazi ulikuta siku za kulazwa zimepungua kwa 1.6, madhara kwa asilimia 32, na wanaolazwa tena kwa asilimia 20. Akiba ilikuwa wastani wa dola 2,129 kwa mgonjwa. Usiibandike namba hiyo kwenye bajeti yako. Bei ni za hospitali zao.

Mkilinganisha kabla na baada, tenganisheni upasuaji wa kufungua tumbo na ule wa matundu madogo unaotumia kamera, ambao wenyewe hupunguza siku za kulazwa. Nimeona ripoti zikiisifu programu kwa siku zilizopunguzwa na kamera. Pimeni pia ni hatua ngapi zinafuatwa kweli wodini, kwani programu ya kwenye karatasi gharama zake ni kamili ilhali faida ni nusu.

Mkikuta gharama imeshuka na afya ya wagonjwa haijazorota, hamhitaji tena mjadala wa thamani ya kila mwaka wa maisha bora, yaani ni kiasi gani kinafaa kulipwa ili mgonjwa apate mwaka mmoja zaidi wa afya njema. Mjadala huo ni wa tiba iliyo bora lakini ghali zaidi.