Kwa mwanangu anayetafuta mwalimu wa besi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa jambo unalouliza ndilo nililolikosea mimi nilipokuwa na umri wako. Umenunua gitaa la besi, bado hujui hata kulituni, yaani kuziweka nyuzi zake kwenye sauti sahihi, na unataka kujua kama video za kwenye intaneti zinatosha au utafute mwalimu wa karibu, na huyo mwalimu ukimpata utamtambuaje kuwa anafaa.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mpiga solo hodari, ambaye kwake besi ilikuwa gitaa lililopungukiwa nyuzi mbili. Alikuwa akinionyesha skeli, yaani ngazi za noti, ananisifu kidogo, kisha anashika gitaa lake na kupiga mpaka saa yetu inakwisha, nami narudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyetoka kwenye onyesho. Hakuna siku aliyoutazama mkono wangu wa kushoto. Nilikuwa nimeikumbatia shingo ya gitaa kwa kiganja kizima, dole gumba limechomoza juu, na baada ya miezi kadhaa kifundo cha mkono kikawa kinauma hata ninapofungua mlango. Aliyeniponya ni mpiga besi mmoja mtu mzima aliyenikuta mazoezini: hakunihutubia, alilishika tu dole gumba langu akalishusha nyuma ya shingo, mkabala na kidole cha kati, akaniambia nirudie.

Kwa hiyo la kwanza ninalokushauri ni kumtafuta mtu ambaye besi ndiyo kazi yake. Kwenye besi nyingi uzi una urefu wa inchi 34 tangu kichwani hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea chini ya gitaa, ilhali magitaa mengi ya solo hayafiki inchi 26, na hivyo nafasi kati ya vile vyuma vyembamba vinavyoikata shingo ni pana zaidi, hasa kule chini karibu na kichwa. Mpiga solo atakulazimisha uweke kidole kimoja kwa kila nafasi. Mpiga besi mwenye busara atakuruhusu kidole cha pete na kidole kidogo vibonyeze pamoja, kama wafanyavyo wapigaji wa besi kubwa ya kusimama, mpaka mkono upate nguvu.

Kumpata, nenda panapopigwa muziki wa moja kwa moja, usimame upande wa mpiga besi ili uvione vidole vyake, kisha umngoje wakati wa mapumziko. Usianze kwa kumwuliza kama anafundisha. Mwulize yeye alifundishwa na nani. Mwulize na mpiga dramu pia, kwani yeye ndiye ajuaye ni mpiga besi gani anayekaa kwenye mapigo na ni yupi anayekimbia.

Video sizikatai, nami huzitazama. Lakini video haikusikii, na hata ukifundishwa moja kwa moja kwa simu ya video, uzi mnene wa besi, ule wa E, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuitoa sauti ya chini kiasi hicho, hivyo mwalimu aliye mbali husikia mkwaruzo wa vidole vyako kuliko noti yenyewe. Tena sauti hukawia njiani, kwa hiyo hamwezi kupiga pamoja, na besi bila kupiga na mwenzako ni nusu ya somo.

Somo la kwanza lilipie peke yake, usilipie mwezi mzima. Tazama kama anaanza kwa kukuelekeza kutuni nyuzi nne za gitaa, E, A, D, G, na kukuuliza unapenda nyimbo gani. Hesabu moyoni ni nani anayepiga zaidi, wewe au yeye. Kisha angalia jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: akikupa noti moja tu, metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika, je, anajali inapoishia? Noti ya besi iliyoachwa ivume hupanda juu ya inayofuata na kuuvuruga wimbo wote, na kuizima kwa wakati, kwa kulegeza kidole cha kushoto bila kukiondoa kwenye uzi, ni kazi ya wiki nzima. Mwalimu akikusimamisha hapo hata mara kumi, usikasirike, huyo mshike. Kusoma noti kunaweza kusubiri kidogo, ila asiyejua kabisa mwogope.

Kabla hujaenda, mpe fundi wa magitaa alitazame hilo lako. Nyuzi zikiwa zimeinuka mno juu ya shingo zitakuumiza vidole, na utamlaumu mwalimu asiye na kosa.

Mama yako anakusalimu.

Wako,
Baba