Kituo kipya chenye chumba cha upasuaji Dodoma: dawa za DDA (dawa za tiba zinazodhibitiwa kwa sababu zinaweza kulevya) zinasajiliwa wapi na zinatunzwaje

Mkuu, umeuliza kituo chenu cha afya cha binafsi kinachofunguliwa Nzuguni, chenye chumba cha upasuaji, kisajiliwe wapi ili kiruhusiwe kuweka pethidini, mofini na fentanili (dawa kali za maumivu) na diazepamu (dawa ya kutuliza). Kuna mdau amekujibu "nenda DCEA, maliza huko." Hapana. DCEA, yaani mamlaka ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, wana sheria kali, Sura ya 95 ya mwaka 2015, na wanaweza kuja kukagua, lakini wao si dirisha la kuanzia. Na usitafute cheti kimoja kinachoitwa usajili wa dawa za kulevya. Ni vibali vinavyofuatana, na kila ofisi inaanza kwa kuangalia karatasi ya ofisi iliyotangulia.

Kituo kinasajiliwa Wizara ya Afya kupitia Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Daktari awe na leseni hai ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Famasi, hasa kama mtawauzia na watu wa nje, ni ya Baraza la Famasi chini ya Sura ya 311, na hapo lazima awepo mfamasia msimamizi anayewajibika kwa jina lake. Dawa zenyewe, kwa maana ya uingizaji, usambazaji, ubora na udhibiti wa hizi zenye asili ya kulevya, ni za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba (TFDA hiyo hiyo, ilibadilishwa jina 2019 mambo ya chakula yalipohamia TBS, shirika la viwango). Usajili wa kampuni BRELA, TIN na leseni ya Jiji naamini mmeshavipata.

Maombi mengi hukwama kwenye majina kabla hata mtu hajafika kukagua. BRELA imeandikwa kampuni, cheti cha wizara kimeandikwa jina la kituo, mkataba wa pango uko kwa jina la mkurugenzi, na barua ya maombi ina jina la nne la kifupi ambalo mmelizoea wenyewe. Afisa hana namna ya kujua kwamba wote hao ni mtu mmoja. Kaeni chini, chagueni namna moja ya kuandika jina na anwani, mtumie hiyo hiyo mpaka kwenye muhuri. Halafu kumbuka usajili unakwenda na jengo. Mkihama Nzuguni kwenda Ilazo, hata kama ni watu wale wale na kabati lile lile, mnaanza na taarifa na ukaguzi upya. Mfamasia msimamizi akiondoka ni hivyo hivyo: toeni taarifa kwa maandishi, na anayeondoka na anayeingia wahesabu dawa pamoja na kusaini salio siku ya makabidhiano. Mkimwacha aondoke kwanza ndipo mhesabu, upungufu wowote utakuwa wenu.

Jambo la pili ni kiasi. Usiandike "ampuli 1000 za pethidini" (vichupa vya dawa ya sindano) kwa sababu bei ya jumla ni nzuri. Pethidini, mofini na fentanili nchi huziagiza kwa makadirio ya kila mwaka chini ya mkataba wa kimataifa wa 1961, kwa hiyo kila anayeomba anatarajiwa kueleza hesabu yake. Ijenge kutoka kwa wagonjwa. Tuseme mnatarajia upasuaji 30 kwa mwezi, 20 kati ya hao watahitaji pethidini, dozi mbili kila mmoja: ampuli 40. Weka akiba ya 10, inakuwa 50 kwa mwezi, 150 kwa robo mwaka. Andika hivyo hivyo kwenye barua, pamoja na idadi ya vitanda na jina la anayetoa ganzi. Mkishaanza kazi, maombi yanayofuata yabebwe na matumizi halisi ya rejista. Mwenye matumizi ya ampuli 35 kwa mwezi anayeomba 150 za mwezi mmoja atapigiwa simu, na ni haki.

Kabati. Liwe la chuma, milango miwili, kila mlango na ufunguo wake, limefungwa kwa bolti kwenye ukuta wa tofali. Majengo mengi mapya hapa Dodoma yamegawanywa vyumba kwa jipsamu, na bolti ya kwenye jipsamu inang'oka kwa mikono. Lisiwe kwenye korido wala karibu na dirisha. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja pima joto la ndani ya kabati lenyewe, maana chuma kilichokaa chini ya bati bila dari kinapita nyuzi 30 mchana kwa urahisi. Ndani yake visikae vitu vingine. Fedha, simu za wagonjwa na mihuri ndiyo sababu kubwa ya kabati kufunguliwa mara ishirini kwa siku na watu wasiohusika.

Sasa rejista, na hapa ndipo nitakaa, kwa sababu kituo kinaweza kuwa na vibali vyote ukutani na bado kikaanguka kwenye ukurasa mmoja. Daftari liwe lililoshonwa na kurasa zenye namba, si karatasi za kubana. Kila dawa na kila nguvu iwe na ukurasa wake: pethidini ya mg 50 na pethidini ya mg 100 ni kurasa mbili. Safu zake ni tarehe na saa, jina la mgonjwa na namba ya jalada, daktari aliyeandika, kiasi kilichotolewa, kilichotumika, kilichomwagwa, salio, saini ya mtoaji na saini ya shahidi.

Chukua mfano. Kabatini kuna ampuli 20 za pethidini ya mg 100 kwenye ml 2. Daktari ameandika mg 75. Muuguzi anavuta ml 1.5 na kumchoma mgonjwa, inabaki ml 0.5 ambayo ni mg 25. Hiyo haihifadhiwi kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Inamwagwa pale pale shahidi akiona kwa macho yake. Rejista inasoma: imetolewa ampuli 1, imetumika mg 75, imemwagwa mg 25, salio ampuli 19. Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuandika mg 75 tu na kuacha safu ya kumwaga wazi, na ukizijumlisha mwezi mzima zinakuwa ampuli kadhaa ambazo hakuna anayeweza kusema zilikwenda wapi. La pili ni shahidi kusaini mwisho wa zamu, saini kumi kwa mpigo, kalamu moja, mwandiko ule ule. Mkaguzi analiona hilo kabla hajahesabu chochote.

Ukikosea, usifute wala kupaka wino mweupe. Piga mstari mmoja ili maandishi ya awali yasomeke, andika sahihi yake mstari unaofuata, weka tarehe na saini mbili. Salio lihesabiwe kila mabadiliko ya zamu, anayetoka na anayeingia wakiwa wamesimama wote mbele ya kabati, ndipo funguo zikabidhiwe. Funguo za akiba zikae kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya mfuniko, kwa mtu mwingine.

Chumba cha upasuaji kiwe na rejista yake ndogo. Famasi inakitolea kwa fomu ya maombi na kupokea ampuli tupu kabla ya kutoa nyingine: tupu tano, nzima tano. Ampuli ikivunjika, kusanyeni vioo, waite shahidi, andikeni siku hiyo hiyo namba ya toleo na ilivyotokea. Moja kwa miezi kadhaa inaeleweka. Tatu kwa wiki, zote zamu ya usiku, hiyo ni habari nyingine.

Mofini ya kunywa ina tabia yake. Chupa ya ml 500 kwa dozi za ml 5 ni dozi 100 kwenye karatasi, lakini kinachobaki kwenye kikombe cha kupimia kinakula kadhaa. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na chupa ikiisha andika tofauti iliyojitokeza, saini mbili, kabla ya kufungua nyingine. Anayeleta hesabu inayogonga 100 kila chupa anatia shaka kuliko anayeleta 97.

Zilizoisha muda hazitupwi, hazichomwi nyuma ya kituo, na hazitoki kwenye hesabu. Ziweke kwenye boksi lililoandikwa ndani ya kabati hilo hilo, waandikie TMDA orodha yenye jina, nguvu, namba ya toleo na idadi, ziteketezwe chini ya usimamizi wao, na ile hati ya uteketezaji ndiyo inayokuruhusu kuziondoa kwenye salio.

Ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji, haimo kwenye orodha za mikataba ya kimataifa, ila ifungieni na muiandike kama nyingine. Inaibwa kirahisi mno. Tramadoli, dawa ya maumivu, vivyo hivyo.

Kwa wengine waliouliza maswali yao kwenye mjadala huu: duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuweka mofini wala pethidini, hata mgonjwa akija na cheti cha daktari kutoka Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwelekeze kwenye famasi ya hospitali. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, msiiombe kabisa, ina utaratibu wake kwenye kliniki maalumu kama ile ya Itega iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe. Na yule wa maabara aliyeuliza kuhusu asetoni na potasiamu pamanganeti, hizo ni kemikali bashirifu (zinazoweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya), njia yako inaanzia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sura ya 182, si TMDA.